Mficha Maradhi: Wababe wa Barafuni na Dawa ya Maumivu

Neno kasumba lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni afyuni, utomvu wa mmea wa mpopi, unaotuliza maumivu na kulevya. Ya pili, ambayo ndiyo inayosikika zaidi siku hizi, ni fikra iliyomwingia mtu kwa kufunzwa na kuzoeshwa mpaka akaiona kuwa ni yake mwenyewe. Wazee walioivuta maana ya kwanza wakaizalia ya pili walikuwa na jicho kali. Waliona kwamba ulevi wa mwili na ulevi wa mawazo ni ndugu, na kwamba mara nyingi mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Udugu huo umedhihirika mbali kabisa na pwani yetu, katika viwanja vya barafu vya Kanada na Marekani. Huko, katika miaka ya karibuni, wamesimama wachezaji wastaafu wa hoki ya barafuni, watu wenye pua zilizovunjika na meno ya bandia, wakatangaza kwamba dawa za jamii ya afyuni walizopewa kwa ajili ya maumivu ziliwaangamiza wenzao, na kwamba wao wamepata nafuu katika mimea, bangi ikiwa mbele ya yote. Habari yao imepokelewa na wengine kama kichekesho, na wengine kama ufunuo. Inastahili kutazamwa kama historia, maana haikuanza na bangi, wala haikuanza na vidonge. Ilianza na kunyamaza.

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wakikigombania kwa magongo kipande cha mviringo cha mpira mgumu. Kipande hicho kina uzito wa gramu 170 hivi, na kikipigwa kwa nguvu hupita kasi ya kilomita 150 kwa saa. Uwanja umezungushiwa ukuta, na sheria inaruhusu mchezaji kumgonga mwenzake kwa bega na kumbamiza ukutani. Mchezo wa kwanza uliopangwa ndani ya jengo ulichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Ligi kuu, inayojulikana kwa herufi zake NHL, iliundwa katika mji huohuo mwezi Novemba 1917. Tangu mwanzo kuumia kulikuwa ni sehemu ya kazi, na kuficha kuumia kukawa ndiyo heshima ya kazi.

Mifano miwili ya zamani inatosha kuonyesha. Tarehe 1 Novemba 1959, katika mji wa New York, mlinda lango wa Montreal, Jacques Plante, alipigwa usoni na kile kipande cha mpira, akashonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani bila ya kinyago alichokuwa akikitumia mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, alikuwa hakitaki kinyago hicho. Mlinda lango mwenye kujikinga uso alidhaniwa kuwa mwoga. Plante alirudi na kinyago chake, timu yake ikashinda, na taratibu walinda lango wote wakamfuata. Lakini tazama ni kitu gani kilichohitaji ushujaa siku ile. Kupigwa usoni kulikuwa jambo la kawaida, na ushujaa ulikuwa kusema kwamba kunauma.

Mfano wa pili ni wa Bobby Baun wa Toronto. Mwezi Aprili 1964, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Detroit, Baun aliumia kifundo cha mguu akatolewa kwa machela. Akadungwa sindano ya ganzi, akafungwa bandeji, akarudi, na katika muda wa nyongeza akafunga bao la ushindi. Akacheza na mchezo wa saba kwa mguu uleule, Toronto ikatwaa kombe, na baadaye picha ya eksirei ikaonyesha kwamba mfupa ulikuwa umevunjika. Kisa hicho kimesimuliwa kwa watoto wa Kanada kwa zaidi ya nusu karne kama kisa cha uungwana wa kiume. Ni nadra kusimuliwa kama kisa cha sindano. Nusu karne baadaye, mwaka 2013, Patrice Bergeron wa Boston alicheza mchezo wa sita wa fainali akiwa na ubavu uliovunjika na pafu lililotoboka, na sifa alizomiminiwa zilikuwa zilezile alizomiminiwa Baun. Hiyo ndiyo kasumba kwa maana ya pili. Ilitangulia. Kasumba ya maana ya kwanza ilikuja kuikuta nyumba iko wazi.

Katika nyumba hiyo alikuwamo mtu mmoja aliyekuwa na hali ngumu kuliko wote. Ligi ya hoki, tofauti na michezo mingine mikubwa, kwa muda mrefu iliyaachia mapigano ya ngumi nafasi yake. Wachezaji wawili wakipigana hutolewa nje kwa dakika 5, kisha hurudi wakaendelea na mchezo. Kutokana na desturi hiyo ilizaliwa kazi ya mbabe, mchezaji ambaye hakuwekwa timuni kwa sababu ya mabao yake. Aliwekwa ili awapige wale watakaothubutu kuwagusa mafundi wa timu. Mbabe hakuwa na mkataba wa kutegemewa. Nyuma yake walisimama vijana wengi wenye ngumi nzito na tamaa ya nafasi yake, na siku aliyosema kwamba mkono unamuuma au kichwa kinamzunguka, ndiyo siku aliyowapisha. Kwa hiyo yeye aliyepigwa kuliko wote ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunyamaza.

Derek Boogaard alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Saskatoon, Kanada, mwaka 1982, akakua mpaka kupita mita mbili kwa urefu. Alizichezea Minnesota na New York michezo 277 ya ligi, akafunga mabao 3 tu. Watazamaji walimpenda, na walivaa fulana zenye jina lake, kwa sababu ya mikono yake. Mikono hiyo, pamoja na mgongo, mabega, pua na kichwa, ilihitaji matibabu ya mara kwa mara, na matibabu yalikuja kwa sura ya vidonge. Mwezi Desemba 2010, akipigana mjini Ottawa, alipata mtikisiko wa ubongo na hakucheza tena. Tarehe 13 Mei 2011 alikutwa amekufa nyumbani kwake Minneapolis, akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi ulisema kwamba aliuawa na mchanganyiko wa pombe na oksikodoni, na kwamba ilikuwa ni ajali. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipoupasua ubongo wake waliukuta na ule ugonjwa wa kuoza unaoletwa na mapigo ya mara kwa mara, ugonjwa uliozoeleka kwa mabondia wakongwe.

Familia yake iliishtaki ligi mwaka 2013. Hati ya mashtaka ilidai kwamba katika msimu mmoja tu, wa 2008 hadi 2009, madaktari na watumishi wa timu walimpa vidonge 1,021. Kesi hiyo ilitupwa mwaka 2017 kwa sababu za kisheria, na rufaa ikashindwa mwaka uliofuata, hivyo swali la nani alaumiwe halikupata kusikilizwa. Ila hesabu ile ya vidonge ilibaki masikioni mwa wachezaji, kwa sababu wengi wao walijua hesabu zao wenyewe.

Hapa yafaa kuieleza dawa yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner aliitoa mofini katika afyuni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini, ikiwa dawa ya kikohozi. Oksikodoni ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1916. Kila kizazi kilidhani kimepata dawa yenye nguvu za afyuni isiyo na utumwa wake, na kila kizazi kilikosea. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya Purdue Pharma iliingiza sokoni kidonge cha OxyContin, oksikodoni inayoachiliwa mwilini polepole, na ikawaambia madaktari kwamba hatari ya mgonjwa kukizoea ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo na wakuu wake watatu walikiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa maelezo ya uongo, wakatozwa zaidi ya dola milioni 600. Ilikuwa imechelewa. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliandika hati zaidi ya milioni 250 za dawa za jamii hiyo, na mwaka 2021 pekee zaidi ya watu 80,000 walikufa nchini humo kwa afyuni za aina mbalimbali, nyingi wakati huo zikiwa za magendo.

Namna inavyoua ni rahisi kueleza. Dawa hizi huenda kwenye vituo vya ubongo vinavyopokea habari za maumivu zikavinyamazisha. Lakini vituo vya namna hiyohiyo vimo pia katika shina la ubongo, mahali panaposimamia pumzi. Mwili unapozizoea, mtumiaji huongeza kiasi ili aione nafuu ya jana. Akiongeza na pombe, ambayo nayo hupunguza pumzi, huweza kulala asiamke. Wachezaji wa hoki walikuwa na vyote viwili chumbani mwa kubadilishia nguo, kidonge kabla ya mchezo na bia baada yake.

Miongoni mwa wababe waliokuwa uwanjani zama za Boogaard alikuwamo Riley Cote wa Philadelphia, mzaliwa wa Winnipeg wa mwaka huohuo wa 1982. Naye alicheza michezo zaidi ya 150 na kufunga bao 1 tu, akastaafu mwaka 2010 akaingia ukocha. Cote amesimulia mara nyingi kwamba katika miaka ya ngumi, wenzake walipokuwa wakimeza vidonge na kunywa, yeye aliona bangi ikimpa usingizi na utulivu bila ya kumfunga. Alipostaafu aliacha kunong'ona. Alianzisha taasisi ya kutetea bangi isiyolevya, ile inayolimwa kwa nyuzi na mafuta, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa Athletes for CARE, chama cha wanamichezo wanaotetea tiba za namna hiyo.

Darren McCarty wa Detroit aliingia kwa mlango mwingine. Yeye alikuwa shujaa wa mji: alitwaa kombe mara nne, 1997, 1998, 2002 na 2008, na bao la ushindi la 1997 lilikuwa lake. Pia alikuwa mlevi wa pombe kwa miaka mingi, na hakulificha jambo hilo. McCarty anasema kwamba aliacha pombe mwishoni mwa mwaka 2015 kwa msaada wa bangi, na tangu hapo amekuwa mhubiri wake katika jimbo la Michigan, hata bangi yenye jina lake ikauzwa madukani.

Sheria nazo zilikuwa zikisogea. Kanada iliihalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na mwezi Desemba mwaka huo Marekani ikaruhusu kilimo cha bangi isiyolevya. Mwaka 2019 chama cha wachezaji wastaafu wa NHL, chini ya Glenn Healy, aliyekuwa mlinda lango, kilitangaza utafiti wa kujaribu viini vya bangi kwa wastaafu wapatao 100 wenye madhara ya mitikisiko ya ubongo. Miaka hamsini na mitano baada ya sindano ya Baun, chama cha wachezaji wenyewe kilikuwa kinakiri hadharani kwamba wanachama wake wana maumivu. Hatua hiyo ni kubwa. Na bado msomaji makini atauliza nani alikuwa mshirika katika utafiti ule. Jibu ni Canopy Growth, kampuni kubwa ya Kanada inayolima na kuuza bangi.

Swali hilo linalifikisha suala mahali pake pagumu. Je, wanayoyasema wastaafu hawa ni kweli?

Sehemu yake ni kweli isiyo na shaka. Bangi haisimamishi pumzi kama afyuni, kwa kuwa vituo vinavyoipokea ni vichache mno katika sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi. Mtu aliyezidisha bangi anaweza kuugua, kuchanganyikiwa, hata kuumia kwa kuanguka, ila hafi usingizini kwa namna aliyokufa Boogaard. Mwaka 2017 jopo la wanasayansi wa taasisi za kitaifa za Marekani lilitamka kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa bangi huwasaidia watu wazima wenye maumivu ya muda mrefu.

Sehemu nyingine imeyumba. Mwaka 2014 utafiti mmoja uliosifiwa sana ulionyesha kwamba majimbo ya Marekani yaliyoruhusu bangi ya tiba yalikuwa na vifo vya afyuni pungufu kwa karibu robo, kwa hesabu za 1999 hadi 2010. Wanaharakati waliibeba takwimu hiyo kama bendera. Mwaka 2019 watafiti wengine walizirefusha hesabu hizohizo mpaka 2017, na uhusiano ukageuka: majimbo yenye sheria hizo yalionyesha vifo zaidi, kwa kiasi kinachokaribia kilekile. Maana yake haikuwa kwamba bangi inaua. Maana yake ilikuwa kwamba takwimu za majimbo haziwezi kueleza kilichomponya au kumwua mtu mmoja. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitangaza kwamba hakiwezi kuipendekeza bangi kwa maumivu, kwa sababu majaribio mazuri ni machache. Na mafuta yanayouzwa kwa jina la tiba hayana uhakika wa kilichomo. Watafiti waliopima bidhaa 84 zilizonunuliwa Marekani, na kutoa matokeo mwaka 2017, walikuta kwamba ni 26 tu ambazo kiasi kilichoandikwa juu ya chupa kililingana na kilichokuwamo ndani.

Kisha kuna neno asili, ambalo wastaafu hawa hulitumia kama hirizi. Tiba ya asili, wanasema, dhidi ya sumu ya kiwandani. Lakini mpopi nao ni mmea, na utomvu wake ni wa asili kuliko mafuta yoyote ya bangi yanayokamuliwa kwa mitambo. Kwa upande wa pili, methadoni ni zao la kiwanda na ni ya jamii ya afyuni, na hiyo ndiyo inayowarudisha kwenye maisha watu wengi waliotekwa na heroini. Msomaji wa visiwani hana haja ya kwenda Marekani kulishuhudia hilo. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Unguja ikafuata mwaka 2015, na zipo nyumba ambazo mwana aliyekuwa amepotea katika unga amerudi kuketi na wazazi wake kwa sababu ya kikombe kimoja cha dawa hiyo kila siku. Kilichomtenga yeye na Boogaard hakikuwa asili ya dawa. Yeye hupewa kiasi kilichopimwa, mbele ya muuguzi anayemjua kwa jina, na anaulizwa hali. Boogaard alipewa vidonge na watu wengi, mmoja hajui alichotoa mwingine, ili aweze kupanda barafuni Jumamosi.

Kwa hiyo ushuhuda wa wababe hawa haupimwi kwa mizani ya mfamasia peke yake. Wakisema kwamba bangi inaponya ubongo uliopondwa, wanadai kuliko wanachokijua. Wakisema kwamba kila aliyeacha vidonge aliokolewa na jani, wanasahau kwamba aliyeacha vidonge mara nyingi aliacha pia kupigwa, akaanza kulala usiku, na akapata wenzake wa kuzungumza nao. Wakiuza mafuta yenye majina yao, wamekuwa wachuuzi, na neno la mchuuzi hupokewa kwa tahadhari, awe Purdue au awe shujaa wa Detroit. Hayo yote ni halali kuwaambia.

Ila lipo walilolifanya ambalo halina mpinzani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kiliwaumbua watu wa hoki kwa mfululizo. Bob Probert, mbabe aliyeogopwa kuliko wote katika zama zake, alikufa mwaka 2010 kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 45, na ubongo wake ulikutwa na ugonjwa uleule. Mwaka 2011, baada ya Boogaard, walikufa Rick Rypien na Wade Belak kabla ya majira ya joto kwisha. Mwaka 2018 ligi ilikubali kulipa dola milioni 18.9 kuwamaliza wastaafu 318 walioishtaki kwa mitikisiko ya ubongo, bila ya kukiri kosa. Mgao ulikuwa dola 22,000 hivi kwa kila mmoja, na kukiri hakukuwamo. Kile ambacho mahakama haikukisema na ligi haikukisema, kimesemwa na wapiganaji wenyewe: tuliumia, tulijua tumeumia, na tulinyamazishwa kwa dawa na kwa sifa.

Maneno hayo yana thamani hata kama kesho wanasayansi watathibitisha kwamba bangi haizidi kidonge cha unga wa muhogo. Kijana anayeanza kucheza leo huko Saskatoon au Winnipeg amekwisha kusikia, kutoka kwa mtu mwenye makovu na makombe, kwamba maumivu ni habari ambayo mwili unaileta na kwamba habari hiyo ina haki ya kusikilizwa. Daktari wa timu anapomnyoshea kidonge, anaweza kuuliza ni cha nini, ni vingapi, na ni nani mwingine aliyempa. Baun hakuuliza mwaka 1964. Boogaard hakuuliza, au aliuliza na hakujibiwa.